Mursali Atawapeleka Ngong

Kwa Mama Rehema, Lindi, Kibra

"Kaka aliigeuza safari ya Ngong kuwa gwaride. Mara hii tutatembea kama binadamu."

Hayo ni maneno ya mdogo wangu Mursali. Ameyaandika ndani ya barua yako, mke wangu, akidhani sitatambua kwamba si yako. Wewe ulikuwa ukisema, yeye akiandika, na katikati akachomeka ya kwake. Basi nitamjibu. Mimi nimewajibu gazetini mabwana wanaodai kwamba Kibra si yetu sisi watoto wa askari waliopewa ardhi ile na serikali, wakanyamaza. Sitashindwa na dereva wa lori.

Lakini kwanza nikusalimu. Assalamu alaikum wewe, watoto na Mama. Goti la Mama linaendeleaje? Na kikohozi cha Juma kimekwisha? Mimi ni mzima, ila Jinja imenichosha. Pamba imeingia yote kwa mpigo, na bwana wa kiwanda amekataa kunipa ruhusa kwa sababu hana karani mwingine wa kusimama kwenye mizani. Idi niliswali katikati ya watu nisiowajua, nikarudi chumbani nikala wali wa jana. Nikitaka kuona mbali hupanda juu ya marobota ghalani, nikaona marobota mengine.

Sasa tuje kwa Mursali. Anasema gwaride. Ni kweli niliwapanga mstari mmoja, warefu mbele, wafupi nyuma, kama baba alivyotufundisha, naye alifundishwa kambini. Kuna ubaya gani? Mgongo wa Ngong ni mwembamba, upepo unakupiga ubavuni, na kule chini vichakani kuna nyati. Watu wakienda makundi makundi wakipiga soga, nani atamwona mtoto aliyeteleza? Yeye anasema atamweka Juma mbele, na wewe nyuma yake, ili mwendo wa wadogo uwe ndio mwendo wa wote. Ni wapi umeona mtoto akiongoza askari? Siku mbili nimetafuta kosa katika mpango huo. Bado natafuta.

Anasema mtapanda lori mpaka madukani Ngong, mpite vilele vinne, mle, mrudi. Vinne! Vilele ni saba, na mimi niliwatoa Kibra kwa miguu. Anayekwenda Ngong kwa lori amekwenda kuitazama, hakwenda kuipanda. Eti Juma sasa anamwita Mursali "Bwana Mlima". Nani alimfundisha jina hilo? Mtoto huyo nilimbeba mimi mgongoni mpaka kilele cha tatu, akinivuta masikio kama hatamu za punda! Na karatasi ya ruhusa ya kuingia upande wa Wamasai imeshatoka, na palipoandikwa mkuu wa safari pana jina la Mursali. Miaka tisa palikuwa na jina langu.

Na wewe pia nina neno nawe. Neno "vizuri" limo mara tano katika barua yako, na kila mara linamfuata yeye. Shemeji kapanga vizuri, shemeji kafikiri vizuri. Mimi uliniambia hivyo lini? Rehema anayekusomea asicheke. Ninaandika nikiwa na wivu, na sioni haya kuutaja.

Lakini lililonichoma kuliko yote umelitaja kama jambo dogo. Unasema Mursali alimtuma Mama apite kwa kila mwanamke atakayekwenda, amwulize taratibu ni siku gani hatakuwa amefunga, na siku hiyo ndiyo iliyochaguliwa.

Wanaume wa Kibra hatufanyi hivyo. Safari huwa Idi ikipita, na siku hizo wanawake wetu wengine wanafunga zile siku sita za sunna, wengine wanalipa siku walizokula Ramadhani, na mwanamume hamwulizi mwanamke kama amefunga, ni aibu. Kwa hiyo sisi huchagua siku kwa kutazama mawingu na ruhusa ya kazini, na wanawake hunyamaza wakapanda. Hivyo ndivyo alivyofanya baba. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Yeye ameona mlango mdogo ambao sisi sote tulipita mbele yake bila kuuona, akamtuma Mama auingie.

Unaikumbuka safari ile ya miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa tumefika kilele cha tano, jua limeshapanda, nawe ukaketi majanini. Mimi nilikuwa mbele na fimbo yangu. Nikakupigia kelele, "Inuka, Mama Rehema! Mke wa mtoto wa askari haketi njiani!" Hukuinuka. Nikasema mbele ya watu wote kwamba umezoea kukaa jikoni.

Mursali ndiye aliyerudi nyuma. Akamwaga maji kwenye shuka lako, akakufunika kichwa.

"Kaka, shemeji amefunga."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Hajagusa maji tangu tutoke Kibra. Wewe hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa nahesabu vilele. Ndipo akakuinamia akasema, "Fungua, shemeji, Mungu anajua hali yako," nawe ukanywa kutoka mkononi mwake, si mkononi mwangu. Tangu hapo nimemwambia kila mtu kwamba ulipigwa na jua. Hata Mama nilimwambia hivyo. Mursali alikuwa akinisikia nikisema, wala hakunikosoa hata mara moja, na hilo nalo limenikera miaka yote mitatu. Angenibishia ningemjibu. Kunyamaza kwake sijapata jibu lake.

Basi nendeni. Nimejaribu kuandika "msiende" mara mbili, nimefuta mara mbili. Lakini msipande kabla ukungu haujaondoka, hata kama Mursali ana haraka ya kurudisha lori la watu. Mikate ya kisra ifungwe katika kitambaa chenye maji, la sivyo upepo wa kule utaikausha iwe kama ngozi ya ngoma. Juma avae viatu, asidanganywe na majani mororo. Mkifika kilele cha nne mtaona bonde lote upande wa magharibi, na mtu atasema hapa ndipo pazuri kuliko pote. Si kweli. Cha saba ni kizuri zaidi. Lakini kaeni hapo hapo mle.

Nisalimie Mama, na umwambie mafuta ya goti nimeyapata, nitayatuma na mtu wa treni. Msalimie shangazi wa Kambi Muru, na yule mama wa Kawangware anayekuletea viazi vitamu, aliyeniombea dua nilipoondoka ingawa dini zetu mbili. Mursali naye msalimie. Mwambie mwandiko wake ni mbaya.

Sasa nasema na wewe, Rehema mwanangu, unayeisoma barua hii. Una miaka kumi na miwili na kalamu yako inatosha. Jibu utaandika wewe, Mursali asiiguse karatasi. Mkae wawili tu, wewe na mama yako, umwulize swali hili moja: siku ile asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, kwa nini hakuniambia kwamba amefunga? Ilikuwa aibu, au alikuwa akiniogopa? Andika neno kwa neno kama atakavyosema. Akisema "nilimwogopa", andika "nilimwogopa", usinifichie, na uitie posta kabla hamjapanda lori lile.

Baba yako,
Khamisi