Mshono wa Mgongoni

Mdogo wangu,

Kifua kinanibana, ila mkono bado unaandika. Binti yangu amepaka chumba changu rangi ya kijani, utadhani hospitali.

Unalikumbuka gauni lako la harusi, kazi yangu ya kwanza nikijifunza ushonaji? Ulipoinama kusaini cheti, likaachia mgongo mzima mbele ya wakwe. Ukacheka kwa aibu: "Msimlaumu dada, ndiyo kwanza anajifunza!"

Kushona nilikuwa nimeshajua. Mshono ule niliushikiza tu kwa mkono, nikaacha makusudi kuupitisha cherehani. Bwana harusi alikuwa mchumba wangu, nawe ulijua unamchukua kwa nani.

Msamaha siombi. Miaka hamsini unawasimulia watu kwamba sijui kushona. Kabla sijazikwa, waambie ukweli: dada alijua.

Ni mimi, dada yako