Vitabu vya Kumsomea Mkeo

Ujiji

Kwako Gharib,

Salamu nakupa, maana ni za Mungu. Mama hajambo.

Umeomba nikuchagulie, kati ya vitabu ulivyoacha uliponipa talaka kwa simu, vile vinavyofunua tabia za binadamu, umsomee mkeo mpya. Eda ilikuwa ndefu, nimevisoma vyote.

Anza na chenye jalada jekundu: mume anamkimbia mkewe aliye mgonjwa. Utajikuta humo. Cha kijani ni cha mke aliyevumilia mpaka akachoka. Hicho ndicho kinachotisha.

Nimevipakia kwenye basi. Ila kurasa za mwisho nimezichana, nimefungia wateja dagaa sokoni Mwanga. Wao wanajua yule mume aliishia wapi. Wewe usisumbuke kuuliza, yatakukuta hukohuko.

Niliyekuwa mkeo,
Yusra