Zamu ya Kendi

Nkubu, 9 Februari 2024

Wewe Kendi,

Hivi Embu wamejenga ukuta? Krismasi imepita, ng'ombe amezaa, na wewe hujaonekana hapa. Hata paka wa Celina alipotea na akarudi kabla yako. Hujambo lakini? Unakula? Kile kifua cha baridi kimekuacha? Mimi goti ni lile lile. Asubuhi linanitukana, jioni tunasameheana.

Celina jirani ndiye anayeniandikia, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia aandike vile nasema, asinipambie. Simu sitaki. Kwa simu unasema "niko sawa, Shosho," halafu inakatika. Barua haikatiki.

Sasa nieleze. Huko shule ya madereva, lori umeliendesha? Mjomba wako Thuranira alipita hapa. Dereva wake anaondoka Pasaka na lori la ndizi linataka mtu. Akasema, "Mama, cheti pekee hakinitoshi. Aje soko la Nkubu, arudishe lori kinyumenyume mpaka mlango wa ghala. Akiweza, kazi ni yake. Akishindwa, nampa Kirimi." Huyo Kirimi anaendesha kama mtu anayekimbia nyuki.

Jibu.

Shosho wako

Embu, 17 Februari 2024

Shosho mpendwa,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, kifua kimepona, chakula nakula. Pole kwa goti. Nisamehe kwa kupotea, masomo yamenibana.

Shule ni nzuri. Tuko wengi, thelathini na zaidi, na lori ni moja. Asubuhi Mwalimu Nyamu anatufundisha alama za barabara kwa ubao wenye mji mdogo na vigari vya kuchezea. Mchana tunapanda nyuma ya lori, tunakaa kwa mabenchi, tunapeana zamu. Ungecheka! Mzee Ndwiga wa Kiambere akiachilia klachi, lori linaruka kama mbuzi na sisi huko nyuma tunaangukiana. Mama Ruguru anaomba kwa sauti kabla ya kila kona. Gachoki alizoea trekta, basi anataka kusimama katikati ya barabara asalimie watu.

Mwambie mjomba aningoje.

Mjukuu wako, Kendi

Nkubu, 23 Februari 2024

Wajina wangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa ng'ombe na kwa ndama. Uko salama? Nilicheka mpaka Celina akaweka barua chini. Halafu nikaanza kuhesabu majina. Nikamwambia, hebu soma tena.

Ndwiga ameendesha. Ruguru ameendesha. Gachoki ameendesha. Wewe uko wapi kwa hiyo barua? Uko kwa benchi.

Usinidanganye, mimi ndiye niliyekufuta makamasi. Sema.

Shosho wako, macho bado yapo

Embu, 1 Machi 2024

Shosho,

Shikamoo, na pole kwa baridi ya huko. Nilijua utanishika.

Tangu nije nimegusa usukani mara chache sana, na kurudi nyuma sijajaribu hata kidogo. Mwalimu hanionei. Zamu yangu ikifika, naangalia hivi, Mzee Ndwiga yuko nyuma yangu, umri wa babu, kofia mkononi. Nasema, "Tangulia, mzee." Halafu Mama Ruguru. "Tangulia, mama." Nikimaliza kuheshimu watu, jioni imefika na lori linarudi kuegeshwa. Si wewe ulinifundisha kwamba mdogo hatangulii mbele ya mkubwa?

Sasa mtihani ni mwezi huu, na mimi najificha chooni nalia. Nifanye nini?

Mjukuu wako, Kendi

Nkubu, 5 Machi 2024

Kendi wangu,

Kwanza toka chooni. Hapo si mahali pa kulilia, kuna harufu.

Ni kweli nilikufundisha. Nilikufundisha kwa chakula na kwa kiti. Kwa lori sikukufundisha. Ukija hapa hujui kurudi nyuma, utafagia wauzaji wote wa soko pamoja na heshima zako.

Sasa sikiliza. Jina lako ni la nani? Ulipozaliwa ulipewa langu, na tangu siku hiyo kwetu hakuna anayekuhesabu mtoto. Thuranira na ndevu zake anakuita Mama. Hata akikukosea anakuja kuomba msamaha, kwa sababu wewe ni mimi. Hiyo desturi Embu wanaijua kama sisi. Huyo Ndwiga ana miaka mingapi? Hata awe na sabini, mimi nampita.

Basi kesho simama kwa mlango wa lori. Waambie, "Mimi ni Kendi wa Nkubu, nina miaka themanini na goti linaniuma. Mkubwa anatangulia." Sema ukitabasamu, lakini usisogee.

Na unywe uji, unasikia? Umekonda kwa mwandiko.

Shosho wako, ambaye ni wewe

Embu, 22 Machi 2024

Shosho wangu,

Habari ya goti letu?

Nilisimama kwa mlango, nikasema yote vile uliniambia. Mzee Ndwiga akaniangalia, akavaa kofia yake. Akawageukia wengine: "Na kama ni shosho, mbona hamumsaidii kupanda?"

Walicheka mpaka lori likatikisika! Tangu siku hiyo wananiita Shosho, hata Mwalimu Nyamu. Zamu yangu haiguswi. Mzee mwenyewe ananipigia kelele kutoka huko nyuma: "Shosho, angalia kioo! Shosho, polepole, kuna kuku!"

Mtihani nimepita. Mzee amekwama kwa maswali ya ule ubao wa vigari, atarudia. Nimemwahidi nitamfundisha.

Jumatano nitakuwa soko la Nkubu na lori la mjomba. Tafadhali usije, Shosho. Nikikuona nitaangalia wewe badala ya kioo.

Wajina wako, Kendi

Nkubu, 19 Aprili 2024

Wewe Kendi,

Uko mzima? Nauliza kwa sababu sijui. Kila alfajiri nasikia honi huko chini barabarani, ng'ombe anainua kichwa, na wewe unapita. Najua ni kazi. Nimeelewa, lakini sijasamehe.

Uliniambia nisije. Nilikuja. Nilikuwa nyuma ya rundo la ndizi la Gacheri, nimejifunika leso mpaka puani.

Niliona ukikwama kati ya mkokoteni na ukuta. Wanaume wote wa soko wakageuka walimu: "Kata kushoto! Kata kulia! Huyu msichana ataua mtu!" Kirimi amekunja mikono, anacheka. Nilishika mkungu nimwendee, Gacheri akanivuta leso.

Halafu ukazima lori. Ukashuka, ukazunguka mpaka nyuma, ukaangalia kwa macho yako. Ukapanda tena bila kumjibu mtu. Likarudi polepole, polepole, likasimama mlangoni. Thuranira akapitisha kiganja kati ya lori na ukuta. Kikaingia. Akasema, "Asante, Mama."

Mimi nikalia juu ya ndizi za Gacheri. Akaniambia nitaziivisha kabla ya siku yake.

Sasa Jumapili usipite, simama unipeleke kanisani. Lori liache kwa lami, mvua imeharibu njia yetu. Honi usipige, ndama ni mwoga. Na uje na kigoda kirefu. Mlango wako uko juu, na mimi siinuliwi kama gunia la viazi mbele ya watu wa kanisa. Uniwekee kigoda, unipe mkono, nikae mbele, upande wa dirisha.

Shosho wako, Kendi Mkubwa