Mama, Huna Abirium

Dada Subira, shikamoo. Huku Tunduma upepo unamwaga vumbi mpaka kwenye chai, lakini mimi ni mzima.

Leo nimecheka hadi machozi. Mfumo wa tiketi ninaotengenezea kampuni moja ya mabasi unajua Kiingereza tu. Nilipouandikia neno "abiria", ukadhani ni wingi, kama "bacteria" na "bacterium", ukajitungia umoja wake: abirium. Basi kompyuta ikamwandikia karani, "Abirium haipo." Karani akamgeukia mama mmoja wa Ndalambo aliyekuwa anawahi Mbeya kumwuguza binti yake.

"Mama, huna abirium."

"Naipata wapi, mwanangu?"

"Ulizia mpakani."

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma. Niliposikia, nikaongeza mstari mmoja wa kuulazimisha mfumo utumie neno letu, abiria, na tiketi zikaanza kutoka. Nikatoka mbio kumtafuta yule mama. Nikamkuta mlangoni anarudi, anahema, ameshika karatasi yenye mhuri wa bluu: ABIRIUM. Huko mpakani jamaa mmoja alimwuliza tu kama anataka ya haraka au ya kawaida.

Nikamwambia karani haihitajiki tena. Akaikagua mbele na nyuma, akaibana kwenye faili, akamkatia mama tiketi. Kisha akamtazama aliyefuata kwenye foleni.

"Na wewe, baba, yako iko wapi?"

Wabusu wanangu hao. Nawaletea mchele wa Kamsamba, Mungu akitujalia uzima.

Mdogo wako,
Elia