Yowe la Bibi wa Katuni

Shamba la mkonge, karibu na Korogwe

Dada Felista,

Shikamoo. Najua ni muda mrefu hujaitikia salamu ya mtu, maana hakuna anayekupa, kwa hiyo hii yangu ipokee hata kama ukimaliza kusoma utatamani kuirudisha. Ukungu wa asubuhi bado unakubana kifua? Shemeji Damiano anaendeleaje, na yale maharage ya bondeni yalikomaa au yaliharibiwa na mvua? Mimi nipo. Nakula na kulala, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vimefungwa kwenye kijiti na jino moja la mbele halipo tena. Ulizoea kusema nina meno mengi kuliko maneno ya maana, basi sasa yamepungua.

Huku joto linaanza kabla jua halijatoka. Tunakata majani ya mkonge yenye mwiba nchani, na karibu kila mkataji ana kovu la usoni. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni lililotokea Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi. Simu ya mnyapara ilipotea. Mpishi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alionekana akitoka bwenini. Mmoja akasema mwizi, na hapo hapo mipini ya majembe ikaanza kushuka. Walimpiga kwenye magoti mpaka akakaa chini, kisha wakampiga kichwani kwa ndoo ya chuma. Nilisikia mfupa wa bega lake ukivunjika, dada. Sijui nilifikaje, ila nilijikuta nimelala juu yake nimemkumbatia kichwa, na mipini ikaniangukia mimi. Vidole na jino vilikwenda hapo.

Baadaye simu ilikutwa kwenye mfuko wa koti la mvua la mnyapara mwenyewe. Watu wakasema poleni, wakaenda kula ugali ambao mzee yule alikuwa ameshaupika. Nilikasirika, na hasira ilipopungua nikaona sina haki ya kumkasirikia mtu yeyote. Nilipokuwa juu ya yule mpishi nilikuwa namwona Gitagno, yule mfugaji wa siku ya mnada.

Ningepiga simu, ungeikata kabla sijamaliza. Na hata usingeikata, simu huwezi kuiweka mezani mbele ya wazee wakaisoma. Veronika, binti wa mjomba, ameniambia kwamba wazee watakaa tena baada ya mavuno, na kwamba usipomtaja mwanamke aliyepiga yowe la kwanza siku ile ya mnada, wewe na shemeji mtahama Dongobesh na nyumba mtaiacha. Dada, mwanamke huyo hayupo. Yowe la kwanza nilipiga mimi.

Sasa nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Unaikumbuka ile sidii ya katuni niliyopewa na sista mzee wa chekechea alipokuwa anarudi kwao? Ni filamu ya zamani, rangi zimefifia, na yote ni nyimbo za watoto wa Ulaya zilizoungwa pamoja. Kuna jogoo anayepiga zumari, bata waliovaa viatu, na bibi mwenye kofia ndefu anayefuga ndama chumbani kwake. Nilitaka kuwaonyesha watoto jioni ya mnada, wazazi wao wakiwa bado wanauza. Shida ni kwamba wanaimba Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na watoto wetu wangesinzia. Nikaamua kufanya kama ninavyofanya kwenye filamu za mapigano, nipunguze sauti yao nishike maiki, niweke maneno yangu. Mchana ule nilijifungia peke yangu kwenye banda langu la video kufanya mazoezi.

Inaitwa filamu ya watoto, lakini sijui waliomchora jogoo yule walikuwa na chuki gani naye. Anakatwa shingo huku anapiga zumari, na wimbo unaendelea kuwa mtamu. Panya wanabamizwa kwa chungu mpaka wanakuwa bapa. Nilicheka, nasema kweli. Nilikuwa mtu mzima peke yake bandani, nacheka mwenyewe. Halafu akaingia mwizi mwenye koti refu, akamsukuma bibi, akamkanyaga, akaondoka na ndama. Na bibi yule anafanya nini? Anaimba. Nikaona hapana. Bibi wa kwetu akiibiwa ndama haimbi. Nikaweka maiki mdomoni, nikafumba macho, nikapiga yowe.

Nilipiga lile la Mama. Sikuwa najua jingine. Ni lile alilolipiga kule kwetu Nambis mwaka ule wezi walipomchukua dume letu, linaloanzia chini tumboni na kukatika mara mbili kabla ya kupanda. Nililipiga vizuri. Nilijipongeza.

Wewe ulikuwa uani, upande wa pili wa mbao za banda, unapepeta maharage. Ulifanya alichofundishwa kila mwanamke wa kwetu: yowe likikufikia huulizi, unalipokea na kulipeleka mbele. Ulitoka mpaka barabarani, mikono kichwani, ukalipeleka mpaka mnadani. Spika yangu ilikuwa ndogo, ya ndani, ikasikika uani kwako tu. La kwako lilisikiwa na watu wote.

Na Gitagno alikuwa anapita. Mfugaji wa kutoka chini Hanang, amejifunga shuka, yuko peke yake na ndama wawili aliowanunua asubuhi ile kwa mzee wa Nambis. Watu walioshuka mbio kutoka mnadani hawakuhitaji kuambiwa kitu kingine.

Niliona kupitia tundu la msumari. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Akainua karatasi ya mauziano juu, akaionyesha, na rungu likauvunja mkono uliokuwa na karatasi. Akaanguka. Wakampiga kwa fimbo, kwa mateke, kwa jembe lililokuwa bado na lebo ya dukani. Mtu akamchoma ndama mmoja mkuki, ndama akazunguka akiburuta matumbo yake mpaka akajikwaa kwa Gitagno na kumwangukia. Walikuwa watu tunaowajua. Mwalimu wa kwaya alikuwepo, amekunja mikono ya shati vizuri ili lisichafuke. Nilikuona unawavuta nguo, unasema, "Muulizeni kwanza, jamani, muulizeni," mpaka mmoja akakupiga kiwiko cha kifua. Nyuma yangu bata walikuwa bado wanacheza.

Ningefungua mlango tu. Hatua nne. Ningesema ni katuni, ni mimi. Badala yake nilizima televisheni, nikaingia chini ya meza.

Baadaye kwenye kikao walikuuliza ni mwanamke gani uliyemsikia. Ukasema, "Ilikuwa sauti ya Mama. Naijua." Mama tuliyemzika miaka miwili kabla. Wakacheka kwanza, kisha wakaacha kucheka, wakasema unamficha mtu, na tangu siku ile hakuna aliyekupa salamu wala moto wa kuwashia jiko. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya shemeji, karibu kiasi cha kukushika bega. Nilinyamaza. Wiki iliyofuata nikapanda basi nikakuambia naenda kutafuta maisha, na wewe ukanifungia makande ya njiani. Nimejidharau kila siku tangu hapo, na bado nilinyamaza.

Barua hii wapelekee wazee, waisome yote, na ile sehemu ya meza waisome mara mbili. Msemaji mwenyewe anakuja. Nimeshaaga kazi. Nitashukia Hanang kwanza, kwa Gitagno, ambaye Veronika anasema amebaki na jicho moja. Ndugu zake wakinipiga, angalau safari hii atakuwa amepigwa anayestahili. Nikitoka huko na miguu yangu, nitapanda Dongobesh. Nisipotoka, barua itakuwa imeshafika.

Msalimie shemeji Damiano, mwambie sistahili kumwita hivyo lakini sijui nimwiteje. Mama mkwe wako, aliyeendelea kukuletea maziwa kwa mlango wa nyuma wakati wengine wamekususa, mwambie shikamoo yangu. Mjomba asimlaumu Veronika kwa kunipigia simu, nilimsumbua sana. Mwalimu wa kwaya simsalimii.

Jambo la mwisho ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Veronika anasema kila wiki unakwenda kaburini Nambis, unakaa, unamuuliza Mama alikuwa anakuitia nini siku ile. Anasema watu wamekuacha wote lakini hulii, kwa sababu unaamini Mama alikuja kwako. Usimuulize tena, dada. Mama hakukuita. Nilikuita mimi.

Mdogo wako,
Paskali