Mdomo Mmoja Upungue

Jumapili, 1 Juni

Opiyo alinivizia nikiosha vyombo baada ya kanisa. Akasema amefikiria sana. Mume wangu akisema amefikiria sana, najua kuna kitu changu kinataka kuondolewa.

Unga hautoshi watu wanne, alisema. Mdomo mmoja ukipungua, tutapumua. Hakutaja ni mdomo wa nani. Ajwang' yuko gredi ya nane, hawezi kuhamishwa sasa. Mimi na Opiyo ndio tunaotafuta riziki. Anayebaki ni Aluoch — miaka sita. Aende Ndhiwa kwa mama yangu mimi, kule kuna mihogo na samaki.

Nilikataa. Nikamwambia nipe mwezi huu. Nitakata kila kitu kingine kwanza, na unga ukifika mwisho wa Juni, mtoto habanduki hapa. Akasema sawa. Alisema haraka mno, nikajua haamini nitaweza.

Nimechukua daftari kuukuu la Ajwang', huku nyuma kuna kurasa safi. Nitasemea hapa. Nikisemea nje, wapangaji wa ploti nzima watasikia.

Jumatatu, 2 Juni

Maziwa — kwisha. Mkate wa Jumapili — kwisha. Andazi la Aluoch la asubuhi — kwisha. Soda siitaji hata, hiyo tuliiaga siku kampuni ilipoleta mashine za kuchuma majani ikamrudisha Opiyo nyumbani, tukatoka nyumba za kampuni tukaja kupanga chumba hapa Kiptere, kwa Chepkurui, mama Mkipsigis mwenye ploti. Sasa Opiyo anabebea mafundi mawe, siku akiitwa.

Sukari nimeificha ndani ya sufuria kubwa. Kijiko kimoja, birika zima. Walikunywa wakinitazama mimi, si kikombe.

Nachuma majani ya wakulima kwa kilo. Kutoka mlangoni kwangu hadi mtoni ni chai, ng'ambo ya mto ni chai, na mezani kwangu ni strungi, chai kavu isiyo na ladha. Kama kuna anayecheka huko juu, acheke tu.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi. Majani hayakui. Leo nimepima kilo kumi na nne, karani akauliza kama nilikuwa nimelala shambani. Nikamwambia achume yeye na hiyo kalamu yake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilirudi kwa njia ya chini, nikachuma managu, ile mboga chungu, kando ya mtaro. Ya bure. Wiki nzima ni managu. Chepkurui huyapika na maziwa, yanakuwa laini kabisa, harufu inapita ukutani inakuja kututukana. Yangu ni chumvi na maji. Ajwang' anasema yeye huenda na uchungu mdomoni mpaka shuleni. Nikamwambia ni dawa. Akauliza ni ya ugonjwa gani. Huyo mtoto amechukua ulimi wangu, na sasa najua unavyouma.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya soko. Nimejifunza kwenda wakati wanafunga, nyanya zikiwa zimeanza kulegea. Nyabuto anayeuza nyanya ameshanijua. Akaniambia, "Mama Ajwang', zako ziko hapa, nimeziweka kando." Ameziweka kando! Zile zilizopasuka. Zimekuwa zangu kabisa, zina jina langu.

Nikakutana na Rebeccah wa kanisani, kikapu chake kina mikate miwili imechomoza. Nikaufunika mfuko wangu na leso. Sijui nilikuwa naficha nini, mfuko ulikuwa na nyanya tu.

Opiyo amerudi jioni na harufu ya supu kwenye masharubu. Anasema fundi ndiye alimnunulia. Supu ya kununuliwa pia ni supu, nimemwambia. Akanawa mikono akala managu yote. Angalau ana aibu.

Jumatano, 11 Juni

Chakula cha mchana cha watu wazima — kwisha. Nakunywa maji ya moto saa saba nikiwa shambani, naendelea. Mafuta nanunua ya kupima, ya siku moja moja, kwa sababu chupa ikiwa nyumbani mkono unakuwa mwepesi.

Jambo moja zuri: Aluoch ameacha kuulizia andazi. Wiki ya kwanza alikuwa analia kila asubuhi. Sasa anakunywa strungi yake, anavaa begi, anaenda. Anang'aa hata. Nilimwambia Opiyo, unaona, mtoto huzoea. Nilijisifu sana.

Jumapili, 15 Juni

Katikati ya mwezi. Nimepima mahindi ya unga kwa kopo la gorogoro, yaliyobaki ni zaidi ya nusu. Zaidi ya nusu! Nikapima tena nisije nikawa najidanganya. Opiyo naye aliinua gunia kwa mikono yake, akaliweka chini. Leo ugali ulikuwa mtamu, na mboga zilikuwa zile zile.

Ijumaa, 20 Juni

Nitaandika hii haraka.

Nilikuwa bombani napanga mitungi. Rebeccah akasema, kwa ile sauti yake ya maombi, kwamba Aluoch wangu sasa amekuwa Mkipsigis kamili. Nikauliza vipi. Akasema, kwani si kila jioni yuko kwa Chepkurui ng'ombe akikamuliwa, na kikombe chake mkononi. Wanawake wote wakaangalia mitungi yao.

Na kikombe chake. Yaani anatoka nacho nyumbani kwangu.

Niliacha mtungi hapo hapo. Nikazunguka nyuma ya ploti, nikamkuta. Amesimama nje ya ua wa ng'ombe, kikombe cha plastiki kifuani, kimya. Haongei, haombi, anasimama tu. Chepkurui akamaliza kukamua, akamjazia bila kuulizwa, kama kitu cha kila siku. Mtoto akanywa bila kupumzika.

Chepkurui aliponiona hakushtuka. "Mama Ajwang', huyu mtoto haombi kitu. Sasa mimi nitakamua ng'ombe na mtoto anaangalia, halafu nimnyime? Kwetu hatufanyi hivyo. Na hiyo maziwa ni kidogo tu."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na meno yangu yameumana. Halafu nikamvuta Aluoch kwa mkono mpaka ndani. Nikamwuliza nani alikutuma. Hakuna. Tangu lini? Siku nyingi. Kwa nini hukuniambia?

"Ungekata hiyo pia."

Hivyo tu. Wala hakuwa ananijibu vibaya. Alikuwa ananieleza.

Jumamosi, 21 Juni

Sikwenda bombani. Nilimtuma Ajwang'. Asubuhi yote nimekuwa nikisikia wanawake wakiongea nje, na kila neno nililolisikia lilikuwa linanihusu, hata yale ya kuku.

Opiyo anasema ni jambo dogo. Mama mwenye ploti hajalalamika, maziwa si yetu, mtoto ameshiba, kuna shida gani? Na unga bado upo, alisema. Wiki moja na zaidi. "Mama Ajwang', si umeshinda? Mimi nimekubali, mtoto abaki."

Alikubali. Naliandika hili ili nisije nikasema siku moja kwamba ni yeye. Opiyo alikubali.

Mimi ndiye niliyesema hapana. Nikamwambia mtoto wangu hatasimama kwenye nyua za watu na kikombe kama yatima, afadhali akasimame kwa nyanya yake, pale ni kwao. Nikachukua simu nikampigia Mama. Aje amchukue wakati wa midterm, ile likizo fupi. Mama alifurahi mno, hata hakuuliza sababu.

Nina hasira, na sijui namkasirikia nani. Chepkurui hana kosa, mtoto hana kosa. Rebeccah ana kosa lakini dogo.

Jumatano, 25 Juni

Mama anafika kesho. Leo ndipo Opiyo akapandwa na kichaa.

Mama mkwe haji kwake akute sufuria ya managu, anasema. Mama mkwe ni kuku. Kuku, wali, chai ya maziwa yenye sukari ya kuonekana. Akatoka na malipo yake ya wiki nzima, akarudi na jogoo mwekundu, mchele, paketi mbili za maziwa, kilo ya sukari, mafuta ya chupa. Chupa! Na mkate. Nikamwambia Mama anakuja kwa sababu hatuna chakula. Akasema hiyo ni siri yetu, mama mkwe si wa kuambiwa siri. Angekuja kaka yangu, tungekula managu pamoja. Lakini huyu ni mama mkwe, na yeye Opiyo hataki kuitwa kwa jina baya huko Ndhiwa.

Mwezi mzima nimekunywa maji ya moto saa saba. Na sasa tunachinja jogoo ili kumtoa mtoto kwa sababu ya njaa. Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha. Ajwang' akaja akauliza, Mum, uko sawa? Nikamwambia chinja kitunguu.

Alhamisi, 26 Juni

Mama amekuja. Amenenepa, amevaa rinda la kanisa.

Kwetu Wajaluo mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, na halali nyumba ya binti yake. Sasa chumba ni kimoja. Kwa hiyo Opiyo alimsalimia kutoka kwenye njia, kwa mbali, ameinamisha kichwa, kisha akaenda kukaa dukani mpaka jioni ili Mama ale kwa amani. Kuku aliyemgharimu wiki nzima hakumwonja, ila shingo niliyomfichia. Na kitanda tulimwombea Mama kwa Chepkurui. Ndiyo, kwa Chepkurui yule yule. Alimpokea kwa mikono miwili, akamtolea mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyu, akamtandikia kitanda cha binti yake. Sikuweza kumtazama usoni.

Mama alikula vizuri. Akatazama mkate, akatazama chupa ya mafuta, akasema kwa Kijaluo kwamba anashukuru Mungu, mkwe wake anatutunza. Kisha akaniuliza: kama mnakula hivi, mbona mnanipa mtoto?

Nikasema shule za huko ni nzuri. Akaniangalia kidogo. Shule ya kwetu haina paa upande mmoja, na yeye ndiye aliyenieleza hivyo Krismasi.

Aluoch alikula mpaka akasinzia. Ajwang' hakula kuku. Anasema tumbo linamwuma.

Ijumaa, 27 Juni

Wameondoka saa moja asubuhi. Nimemfunga viatu. Hakulia. Aliniuliza tu kama sweta lake abebe au amwachie Ajwang'. Nikamwambia abebe.

Jumapili, 29 Juni

Nimepika ugali wa watu wanne. Mkono haujajua. Ukabaki kipande, hakuna aliyekigusa.

Kesho ni mwisho wa mwezi. Unga umefika. Umefika na ziada. Ungefika hata naye, nimehesabu kwa gorogoro mara tatu na jibu ni lile lile. Opiyo anakaa kitandani ananitazama nikihesabu. Ajabu ni kwamba hanilaumu. Angenilaumu ningepata cha kujibu.

Chepkurui alinisimamisha karibu na choo. Akauliza kama ni kweli mtoto amehama. Nikasema ndiyo. Akatua ndoo chini. Halafu akasema, "Kumbe ni mimi nilimfukuza na maziwa." Nikamwambia hapana, hapana, Mama, si hivyo. Lakini sikumwambia ni vipi, akaenda zake na ndoo. Jioni alikamua na mlango wa ua umefungwa.

Nimemfanya mwanamke mwema aone haya. Hilo halikuwa kwenye vile vitu vya kukata.

Jumanne, 1 Julai

Mama amepiga saa kumi na mbili jioni. Yeye hapigi, yeye huomba apigiwe. Leo amepiga kwa salio lake.

Anasema mtoto hali. Siku ya nne sasa. Si ugonjwa, hana homa. Anakaa na watoto wa kaka yangu, anawekewa samaki na ugali wake, anaangalia tu mpaka wenzake wamalize. Akilazimishwa anamega kidogo, anarudisha. Mama alidhani ni kutukumbuka sisi. Leo akamweka kando, akambembeleza, mpaka akasema. Aliuliza: hapa kwenu ni nani ameondolewa, ndio mimi nikapata sahani?

Mama amemwambia hakuna aliyeondolewa. Hakuamini. Amewahesabu watoto wote wa pale, akauliza kama kuna mwingine aliyekuwapo zamani. Na anataka kujua akila yote, nani atafuata.

Mimi sikumwambia kitu. Naapa sikumwambia. Lakini chumba chetu ni kimoja, na ile Jumapili nilipokuwa naosha vyombo alikuwa mlangoni anacheza na vizibo. Tuliongea juu ya kichwa chake.

Mama anauliza, Eddah, mlimwambia nini huyu mtoto? Nimeiweka simu mezani. Haijakatika. Naandika ili mkono uwe na kazi. Nasikia mbuzi wa kwetu, nasikia Mama akiita Eddah, Eddah. Opiyo amesimama mlangoni na koleo, anauliza ni nani. Sasa Mama anasema mtoto yuko hapo kando yake, ameshika sahani, anataka nimwambie mimi mwenyewe kama ale.