Tamthilia Iliyonifundisha Kumshuku Rehema

Kasulu, Ijumaa, Novemba 2013. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mimi nina aibu.

Nianze na tamthilia. Ni ya nje, inamhusu mwandishi wa habari anayemchimba waziri, na kila anachokigundua, waziri anakijua kabla hakijatangazwa. DVD aliinunua sokoni Mwalimu Rehema, mtu wa Tanga, ambaye tumepanga naye nyumba moja. Mimi ni ripota wa redio ndogo ya hapa. Jumapili mchana, umeme ukiwepo, tunatandika mkeka na kuangalia. Sehemu ya saba ikafichua kwamba anayevujisha siri ni rafiki anayeishi na yule mwandishi.

Rehema alicheka. Mimi sikucheka.

Maana nami nina habari ninayoichimba. Kuna kijiji, sikitaji, ambako wakulima waliweka dole gumba kwenye vocha za mbolea na mbolea yenyewe hawakuiona. Bibi mmoja, nimwite Bibi Nesto, aligoma kuirudisha vocha yake, akaificha. Ushahidi wangu wote ndio huo. Na mara mbili nimepanda kule kimyakimya, mtendaji wa kijiji akanipokea kwa tabasamu, eti alijua ninakuja. Safari zangu nilikuwa namwambia Rehema peke yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kumchunguza. Simu ikiita anatoka nje, kwa nini? Anauliza kama nitachelewa kurudi, inamhusu nini? Hata chai yake nikawa nainywa kwa mashaka, na ni chai nzuri, ina tangawizi.

Nikaamua kumtega, kama yule mwandishi alivyomtega rafiki yake. Jumatatu nilimwambia kwamba Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa ofisini kwa mtendaji. Uongo mtupu. Nilipanga kubaki mjini nione nani atababaika.

Jana saa sita mchana mtendaji akanipigia.

"Mwandishi, bibi yako amekaa hapa tangu asubuhi anakusubiri. Kaja na vocha yake. Njoo umchukue, mvua hii."

Sikumbuki nilivyoipata bodaboda. Mlima wote ulikuwa tope, tukashuka mara mbili kuisukuma. Bibi Nesto nilimkuta kwenye benchi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Vocha ilikuwa mezani, mtendaji ameiwekea kikombe cha chai juu yake.

"Ego, ndiyo, niliambiwa unakuja, mwanangu," bibi akasema. "Nikaona haya ufike usikute mtu."

Nikamuuliza aliambiwa na nani. Swali lilimshangaza, kwa sababu kijiji kizima kilijua. Rehema alimwomba mwalimu mwenzake, mzaliwa wa kule, apeleke habari kwao waniwekee chakula nisishinde njaa. Ndivyo alivyofanya safari zote. Kila nikienda nilikuwa naletewa mihogo na maharage, nikala, nikashukuru, wala sikuuliza walijuaje.

Niliiomba vocha. Mtendaji akasema ni mali ya serikali, ataihakiki. Kisha akafungua daftari na kuandika jina la bibi, polepole, akimuuliza na jina la ukoo. Vocha za msimu ujao zinapita mkononi mwa mtu huyo huyo.

Kwenye tamthilia mtego ulimnasa aliyetegwa. Wangu umemnasa bibi wa watu aliyeniamini.

Leo Rehema kaniuliza mbona nimenuna. Nimemjibu ni mvua. Amenibandikia chai, na sehemu ya nane ameshaiweka tayari. Siwezi kumtazama usoni.

Jana nilimsindikiza bibi hadi kwake. Mlangoni aliniomba radhi kwamba vocha imebaki kule, na mimi nimetoka mbali kwa ajili yake. Nikamwambia hana kosa. Sikumwambia kwamba siku hiyo sikuwa nimepanga kuja kabisa.

Kesho napanda tena, nikamwambie.